Metropolis: Wewe Umeona Mkato Upi?

Ndugu zangu, kila yanapozuka mazungumzo juu ya Metropolis, ile filamu ya Kijerumani ya Fritz Lang, watu hubishana kama kwamba wote wameona kitu kimoja. Mmoja atasema picha nzuri lakini kisa hakina kichwa wala miguu. Mwengine atamjibu kwamba kisa kimepangika barabara, kila mtu ana sababu ya analolitenda. Wote wawili huenda wakawa wanasema kweli, kwani wa kwanza ameiona kwa dakika themanini na ushei na wa pili kwa karibu saa mbili na nusu. Sisi tuliozoea kusoma tenzi tunalijua jambo hili: mtu akikuletea ubeti na kujenga hoja juu yake, la kwanza unalomuuliza ni nuskha ipi, na nani aliyeinakili. Kwenye sinema watu wazima na elimu zao huruka hatua hiyo, wakaenda moja kwa moja kwenye nadharia.

Basi tuanze na ile ya asili. Ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin tarehe 10 Januari 1927, katika ukumbi wa Ufa-Palast am Zoo. Urefu wake ulikuwa mita 4,189 za utepe wa milimita 35. Hebu tupige hesabu kidogo, maana hapa ndipo pa kwanza watu wanapopotea. Mita moja ya utepe huo ina picha hamsini na mbili na kitu. Ukiuendesha kwa picha 24 kwa sekunde, utapata dakika 153. Ukiuendesha kwa picha 20, dakika 183. Na zama za sinema bubu mwendo haukuwa sheria, aliyesimama kwenye mashine ndiye aliyeamua, na mara nyingi mwenye ukumbi ndiye aliyemwamulia. Kwa hiyo mtu akikwambia toleo lake lina dakika kadha, bado hajakwambia kama ni refu au fupi. Wanaojua hupima kwa mita.

Filamu ile iliigharimu kampuni ya Ufa zaidi ya milioni tano za marki, na kuipiga kulianza Mei 1925, kukamalizika Oktoba 1926. Kabla haijakwisha Ufa ilikuwa hoi. Mwishoni mwa 1925 ilikopa dola milioni nne kwa Paramount na MGM wa Marekani, wakaunda pamoja kampuni ya usambazaji iliyoitwa Parufamet. Mkopo huo ndio uliompa Paramount kisu mkononi. Mwandishi wa tamthilia Channing Pollock alikabidhiwa filamu akaipunguza kwa zaidi ya robo, akaandika vibao vipya vya maandishi, na kisa akakigeuza. Huyo hakuwa mfasiri tena, alikuwa mtunzi wa pili.

Na alilolikata Pollock si mapambo. Alimkata Hel.

Katika kisa cha asili, kilichoandikwa na Thea von Harbou, aliyekuwa mke wa Lang, Hel ni mwanamke aliyependwa na Rotwang, yule mvumbuzi. Hel akamwacha akaolewa na Joh Fredersen, bwana wa mji, akafa wakati wa kumzaa Freder. Rotwang amemjengea sanamu kubwa nyumbani mwake, na yule mtu-mashine anamuunda ili ampate Hel wake tena. Kila kitu kinatoka hapo. Anapokubali kumpa mtu-mashine sura ya Maria na kumpeleka kwa wafanyakazi, hamtumikii Fredersen, anamlipizia kisasi: anataka kumpokonya mji na mwana kama yeye alivyopokonywa mke. Wamarekani wakaona jina Hel linafanana mno na neno lao la jahanamu, sanamu ikaondoka, mwanamke akaondoka, na pamoja naye ikaondoka sababu. Katika mkato wa Pollock mtu-mashine anaundwa ili achukue nafasi ya wafanyakazi viwandani. Sasa jiulize: kama ndivyo, mbona anapewa umbo la mwanamke na kupelekwa kucheza ngoma mbele ya matajiri? Watazamaji walijiuliza hivyo hivyo, na jawabu waliyoipata ni kwamba Lang hajui kusimulia. H. G. Wells aliichambua katika New York Times tarehe 17 Aprili 1927 akaiponda vibaya sana. Sisemi angeipenda ile ndefu, maana mengi aliyoyalaumu yamo hata humo. Lakini lawama ya kisa kutoeleweka ilimwangukia Lang na von Harbou, wala haikumgusa aliyeshika mkasi.

Hata Wajerumani wenyewe hawakubaki na yao. Alfred Hugenberg aliinunua Ufa mwaka huo huo wa 1927, ile ndefu ikaondolewa kwenye kumbi, na Agosti ikarudi ikiwa na mita 3,241. Kwa picha 24 hizo ni kama dakika 118. Kwa maneno mengine, mkato aliouthibitisha Lang ulionekana Berlin miezi michache tu, khalafu ukazimika. Katika miaka ya 1930 Ufa ikaipunguza tena, ikafika karibu mita 2,500, na nakala ya namna hiyo ndiyo iliyokwenda New York, kwenye maktaba ya filamu ya jumba la MoMA. Siegfried Kracauer alifanya kazi kwenye maktaba hiyo hiyo wakati wa vita, kabla ya kutoa mwaka 1947 kitabu chake mashuhuri kuhusu sinema ya Wajerumani na Hitler. Hoja yake juu ya Metropolis inasimama zaidi kwenye mwisho wa filamu, pale bwana na msimamizi wa wafanyakazi wanapopeana mikono mbele ya kanisa, na mwisho huo uko katika mikato yote. Kwa hiyo hapo hakudhulumika na nakala. Ila anayejenga hoja juu ya Rotwang, au juu ya mwanamke na mashine katika filamu hii, na akafanya hivyo kabla ya kurudi kwa Hel, huyo maandishi yake yasomwe kwa tahadhari.

Tuje kwenye video za nyumbani. Marekani haki za filamu zilikwisha mwaka 1953, na filamu ikawa ya kila mtu. Zilipokuja kaseti, kila mwenye mashine ya kunakilia alitoa Metropolis yake, nyingi kutokana na nakala za milimita 16 zilizochakaa, nyuso nyeupe pe kama zimepakwa chokaa, muziki wowote umebandikwa juu, na mwendo wa ovyo. Wengi wetu tuliosoma ughaibuni tuliijua kwanza kwa kaseti kama hizo. Mwaka 1996 sheria ikazirudisha haki kwa wenyewe, na mwaka 2023 zikaisha tena Marekani. Ujerumani Lang alifariki 1976, kwa hiyo huko kinga inakwenda hadi mwisho wa 2046. Ndiyo maana hata leo kaseti zile zimefufuka kwenye intaneti, na anayetafuta bila kuuliza atazipata hizo mwanzo.

Lipo toleo moja ambalo wasomi hulicheka, na mie naona si haki: la Giorgio Moroder, la mwaka 1984. Huyu ni mtunzi wa muziki wa disko. Alitia rangi, akaweka nyimbo za Freddie Mercury, Bonnie Tyler na wengineo, na vibao vya maandishi akaviondoa, maneno akayaweka chini ya picha. Hilo la mwisho ndilo linalofanya toleo lake lionekane fupi kupindukia, dakika 80 na chache, maana vibao vikitolewa muda hupungua hata kama picha hazikuguswa. Nyimbo hizo zikikukera, zima sauti. Lakini alitafuta vipande huku na huku, akatumia picha za mnato kuziba mapengo, na Hel akarudi kwenye kisa. Watu wa kawaida walimjua Hel kwa mwanamuziki wa disko kabla hawajamjua kwa maprofesa.

Enno Patalas wa makumbusho ya filamu ya Munich ndiye aliyeifanya kazi kama mhakiki wa maandiko hasa, na toleo lake likatoka 1987. Hakuwa na picha zilizopotea, lakini alikuwa na mashahidi wawili. Wa kwanza ni kadi za wakaguzi wa serikali, ambao walinakili kila kibao cha maandishi kabla ya kuiruhusu filamu. Wa pili ni noti za muziki za Gottfried Huppertz, ambazo zina alama zaidi ya elfu moja zinazoeleza nini kinaonekana kwenye picha muziki unapofika mahali fulani. Fikiri: muziki ndio uliohifadhi mpangilio wa filamu. Juu ya msingi huo Martin Koerber na taasisi ya Murnau ya Wiesbaden wakatengeneza toleo la 2001, kutokana na negativu ya Paramount iliyosalia katika makavazi ya Berlin. Kwa usafi wa picha halijawahi kuwapo jengine kama hilo kabla yake. Pale pasipokuwa na picha waliweka maandishi ya kueleza kinachokosekana, bila kudanganya. Mwaka huo huo UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia, filamu ya kwanza kupewa heshima hiyo. Kilichoorodheshwa, basi, kilikuwa na mapengo ndani yake.

DVD za toleo hilo zilileta mabishano ya bure. Ya Marekani iliandikwa dakika 124, za Ulaya zikawa pungufu ya hapo, na watu wakalia kwamba wameibiwa dakika tano. Hakuna aliyeibiwa. Televisheni za mfumo wa PAL, uliotumika Uingereza, Ghuba na kwetu Afrika Mashariki, ziliendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na asilimia nne ya dakika 124 ni dakika tano.

Khalafu ikaja khabari ya Buenos Aires. Msambazaji mmoja wa Argentina, Adolfo Wilson, alikuwa ameichukua ile ndefu kabla haijafutika Berlin. Nakala ikaangukia kwa mkusanyaji na mhakiki Manuel Peña Rodríguez, kutoka kwake ikaenda kwenye mfuko wa taifa wa sanaa, na mwaka 1992 ikafika kwenye jumba la makumbusho ya sinema la mji huo. Mwanahistoria Fernando Martín Peña alikuwa amesikia kwa mzee mmoja wa klabu ya sinema, Salvador Sammaritano, kwamba zamani walipoionyesha alilazimika kuubana utepe kwa kidole muda wote, zaidi ya saa mbili, kwa sababu ulikuwa umesinyaa. Wengine wangecheka tu. Peña alisikia hapo neno moja: zaidi ya saa mbili! Kwani nakala zilizojulikana hazikuwa na urefu huo. Ilimchukua miaka mingi kuruhusiwa kuangalia. Mwaka 2008 Paula Félix-Didier akakabidhiwa uongozi wa jumba lile, wakafungua makopo, na dakika 25 hivi zilizodhaniwa zimepotea milele zikawa zimo.

Ila zimo katika hali gani! Utepe wa asili wa naitreti, unaoshika moto upesi, ulikuwa umenakiliwa kwenye milimita 16 na wenyewe ukateketezwa. Mikwaruzo ya miaka yote ile ikanakiliwa pamoja na picha, haifutiki, na upande mmoja na juu picha ikakatwa kidogo kwa kutolingana vipimo. Kwa hiyo ukitazama toleo la 2010, lililozinduliwa Berlin na Frankfurt tarehe 12 Februari mwaka huo, unajua saa hiyo hiyo uko kwenye kipande kipi: picha ikisafika ni ile ya 2001, ikianza mvua ya mikwaruzo na ukanda mweusi pembeni, uko Buenos Aires. Wapo waliolalamika. Mie naona ni uaminifu, ni sawa na mhariri wa utenzi anayeweka alama pale alipotumia nuskha mbovu kwa kukosa nyengine.

Kilichorudi hakikuwa Hel peke yake. Yule jasusi wa Fredersen, anayeitwa Mwembamba, amekuwa mtu kamili badala ya sura inayopita. Mfanyakazi nambari 11811 sasa tunamwona ndani ya gari, amevaa nguo za Freder, akishindwa na tamaa za mji. Josaphat ana urafiki wa kweli na Freder. Na mpangilio wa picha uliokuwa ukikisiwa ukathibitika, kwengine ukasahihishwa. Muhimu vile vile kukumbuka kwamba filamu ilipigwa ikapatikana negativu tatu, ya Ujerumani, ya Paramount na ya nchi nyengine, kwa hiyo hata onyesho linaloonekana lile lile laweza kuwa ni pigo jengine, mkono umekaa pengine, kichwa kimegeuka mapema kidogo.

Anayetaka kununua aangalie alama ya eneo. Blu-ray za Marekani aghlabu zina alama A, na mashine za Uingereza, Oman na Afrika Mashariki ni za B. Ukimletea ndugu yako wa Muscat zawadi kutoka Chicago, huenda akabaki kuitazama kasha tu. Toleo la 2010 lina dakika 150 hivi, likiwa na muziki wa Huppertz. Hilo ndilo la kusomeshea, na la 2001 liwekwe kando kwa ajili ya usafi wa picha.

Na bado hazijatimia mita 4,189. Maonyesho mawili hayakuokoka hata Buenos Aires, yamebaki maandishi tu: mahubiri ya mtawa ndani ya kanisa, na ugomvi wa Fredersen na Rotwang. Katika ugomvi huo ndipo Maria anapopata upenyo wa kutoroka nyumbani kwa Rotwang. Kwenye toleo letu refu kuliko yote, anafungwa, yanapita maandishi, kisha tunamwona yuko nje.