Dibaji ya Shauku: Sehemu ya Kasida Isiyo na Jina

Kasida, kwa wengi wetu, ni shairi la kumsifu Mtume Muhammad (S.A.W.). Ndivyo inavyoeleweka hata Dunda, mjini Bagamoyo, inaposomwa kwenye maulidi huku dufu zikilia. Maana hiyo ni sahihi, ila imeacha mwanzo wa shairi.

Kasida ya kale ya Kiarabu ilianza na mapenzi yaliyopotea. Mshairi husimama penye mahame ya kambi, kabila la mpenzi wake limekwishahama, naye analia. Baadaye ndipo husafiri na kusifu. Mshairi Kaab bin Zuhayr alipomwendea Mtume Madina kuomba msamaha, alianza kwa kumlilia Suad aliyekwenda zake. Yasimuliwa kwamba Mtume alimvika joho lake. Katika karne ya 13, al-Busiri wa Misri aliifungua kasida yake, Burda, kwa machozi ya namna hiyohiyo, na Burda husomwa pwani yetu hadi leo.

Waarabu huiita sehemu hiyo ya mwanzo nasib. Tukiitohoa iwe "nasibu", tunaharibu. Nasibu yetu, ile ya bahati nasibu, imetoka katika neno la Kiarabu lenye herufi swadi. Hili la kasida lina sini, na Kiswahili hutamka zote mbili kwa s moja. Mwanafunzi atadhani mshairi anabahatisha! "Utangulizi wa mapenzi" nao hautoshi, kwa kuwa anayependwa amekwishaondoka. Napendekeza dibaji ya shauku. Dibaji watunzi wa tenzi wanayo tangu zamani. Shauku ni hamu ya kilicho mbali, iwe ni mpenzi, Mtume au Mola.

Bagamoyo ina haki ya pekee juu ya istilahi hii. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliyeieneza twarika ya Kadiria kutoka mji huo hadi alipofariki mwaka 1931, aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa kutoka Manyema. Twarika iliwapokea wengi waliong'olewa makwao kama yeye. Mtu aliyepoteza wazazi na kijiji akisikia mshairi akililia mahame, hahitaji kufasiriwa. Huitikia tu, akamwachia Mungu yaliyobaki.

Basi walimu wa fasihi na wahariri wa kamusi, msiishie kwenye sifa mnapoieleza kasida. Tajeni na dibaji ya shauku, kisha mwanafunzi aisome Burda tangu ubeti wa kwanza.