Namba Iliyogeuka Kitambulisho

Wasee wa Thika na Ruiru, ile wifi ya ploti mnayogawana inaijua simu yako kwa anwani ya MAC: tarakimu 12. Kwa kawaida sita za kwanza hutaja kampuni iliyoitengeneza.

Huu mpango ni wa 1980, Xerox, Intel na Digital walipotoa kanuni za Ethernet. Walitaka tu mashine mbili zisiwe na anwani moja. Xerox ndio waligawa namba, kisha IEEE wakachukua kazi. Orodha yao iko wazi, kwa hivyo kodi ya mistari michache inakupa jina la kampuni.

Shida ni kwamba namba ya kifaa haikawii kuwa namba ya mtu. Kenya 2012, IMEI, binamu ya MAC, ilitumika kuzima simu feki zaidi ya milioni moja. London 2013, mapipa ya taka yalipatikana yakisoma MAC za wapita njia. Ndio maana tangu Android 10, ya 2019, simu nyingi hubuni anwani ya bandia.

Cheki tarakimu ya pili kwenye yako. Ikiwa ni 2, 6, A ama E, basi imejificha, na orodha haitakuambia kitu. Mimi naona iachwe hivyo. Mwenye wifi anakudai pesa ya mwezi, si historia yako.