Yangambi ilivyofumbua fumbo la mchikichi

Mawese mekundu yanayopikiwa pondu, yaani majani ya muhogo, Kisangani hutoka kwa wingi kwenye michikichi ya zamani au iliyojiotea yenyewe msituni. Ni ajabu kidogo, maana siri ya mchikichi unaolimwa leo duniani ilifumbuliwa jirani tu, Yangambi, mwendo wa kilomita 100 hivi ukishuka Mto Kongo. Huko ndiko Wabelgiji walikoweka kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo waliyoianzisha mwaka 1933. Wengi husema Kongo imekosa sayansi. Naona sivyo: kilichokosekana ni njia ya mbegu kutoka kituoni hadi shamba la mwanakijiji, na njia hiyo haikutengenezwa hata Yangambi ilipokuwa katika ubora wake.

Fumbo lenyewe lilikuwa hivi. Kuna ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zenye ganda nene la kokwa, ziitwazo dura. Zenye ganda jembamba, tenera. Na zisizo na ganda, pisifera. Tenera ina nyama nyingi, kwa hiyo mafuta mengi, lakini aliyepanda mbegu zake alivuna mchanganyiko. Mwaka 1941 watafiti wa Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen, walichapisha jibu: tenera ni chotara. Ukizalisha tenera kwa tenera, robo ya miche ni dura, nusu tenera, na robo pisifera, ambayo mikungu yake mara nyingi huoza kabla ya kuiva. Ukizalisha dura kwa pisifera, yote ni tenera. Kazi hiyo ni ya mikono: mtu hukwea mti, hufunga ua la kike la dura kwenye mfuko kabla halijafunguka, kisha hulipulizia chavua ya pisifera. Mashamba ya Malaysia na Indonesia, nchi zinazotoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia, yanategemea uzalishaji huo, na damu ya michikichi ya Yangambi imo ndani yake.

Hata nishati ya mawese ilianzia kwetu kwa namna fulani. Mwaka 1937 Georges Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipata hataza ya kugeuza mawese ya Kongo kuwa mafuta ya kuendeshea injini, na mwaka 1938 basi likaendeshwa kwayo kati ya Brussels na Leuven. Leo Indonesia ndiyo inayochanganya mawese kwenye dizeli yake, si Kongo.

Atakayepinga atataja vita: uasi wa Simba wa 1964, mabomu ya Juni 2000 mjini Kisangani, na katikati yake unyang'anyi wa mali za wageni wa 1973. Kweli, vyote viliharibu. Lakini Malaya, sehemu ya Malaysia ya leo, nayo ilikaliwa na Wajapani, kisha ikapigana na waasi hadi 1960, na bado ikabadili mbegu zake. Tofauti naiona katika mpango wa awali. Yangambi ilihudumia kwanza mashamba makubwa. Mwanakijiji alilima kwa amri, na miche aliyopewa ilikuja na amri hiyohiyo. Mkongo alikuwa mkwea mti na mfunga mifuko, si mtafiti. Lovanium, chuo kikuu cha kwanza nchini, kilifunguliwa 1954. Kisangani ilingoja hadi 1963, miaka 30 baada ya INEAC. Wataalamu Wabelgiji walipoondoka, waliobaki walikuwa na ustadi wa mikono, lakini hawakuwa wameandaliwa kuongoza kituo, na mkulima hakuwa mteja wa mtu.

Wengine watasema afadhali: mchikichi umekula misitu ya Borneo na Sumatra, Tshopo, jimbo la Yangambi, imepona. Hoja hiyo ina uzito kwa mashamba ya makampuni. Kwa mkulima mdogo inageuka. Mti wa mavuno haba hudai ardhi zaidi kwa bidoni ileile ya mafuta, na mavuno yakipungua shoka huingia msituni. Na sayansi bado ipo: tangu 2020 mnara wa kupima kaboni umesimama Yangambi, na watafiti Wakongo wanafanya kazi hapo na kwenye hebaria kubwa ya kituo, yaani mkusanyo wa mimea iliyokaushwa. INERA, mrithi wa INEAC, bado ipo palepale. Kazi ya dura kwa pisifera haihitaji mtambo wowote ambao kituo kile hakikuwa nao mwaka 1941.