Tulisema Ni Ajali

Usiku tuliomkimbiza binamu yangu hospitalini, mjomba alitukusanya kando ya mlango akatupanga. "Mkiulizwa, semeni ni ajali." Daktari akauliza. Tukasema ni ajali. Haikuwa aibu tu. Sisi tuliokulia Malaba tulijua mtu akijaribu kujiua akapona, anaweza kutoka wodini moja kwa moja hadi seli.

Hofu hiyo ina historia. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika Kenya tarehe 1 Agosti 1930, wakati wa mkoloni. Chini ya kifungu cha 226, kujaribu kujiua kulikuwa kosa: kifungo hadi miaka 2, faini, au vyote viwili. Waingereza wenyewe walifuta kosa hilo kwao mwaka 1961. Sisi tukabaki nalo.

Lakini tusimsingizie mkoloni kila kitu. Kukhu alitusimulia kwamba zamani aliyejiua alizikwa usiku, bila nyimbo, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Ati laana ingefuata jina. Kwa hivyo sheria ilipokuja na pingu, ilikuta sisi tushafunga mdomo.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Walioshtaki ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Enyewe nilifurahi. Halafu nikakumbuka tunaishi wapi: ukivuka daraja kwa boda, dakika chache tu, sheria ya Uganda bado inaliita kosa. Na kwetu familia zimetawanyika pande zote mbili.

Kuna jambo jaji hangeweza kulifuta. Watu husema anayetaka kufa hasemi, na anayesema anatafuta tu macho ya watu. Binamu yangu alisema. Wiki mbili kabla, tukiwa tumekaa kando ya foleni ya malori, aliniambia, "Mtapumzika nikiondoka." Nikacheka. Kusema kweli nilishtuka, ila niliogopa kwamba nikimuuliza nitampa wazo. Hapana. Shirika la Afya Duniani linasema kuzungumza wazi hakumsukumi mtu; kunaweza kumpa nafasi ya kufikiria tena.

Miezi mingi baadaye aliniambia mwenyewe, bila hasira: "Ungeniuliza, ningekuambia."

Sasa namuuliza. Jumapili, kwenye kibanda cha chai, bila kuzunguka: "Bro, bado unafikiria kufa?" Mara nyingi anasema hapana, ananitania kwamba nimekuwa polisi. Siku moja alisema ndiyo, kidogo. Tukapiga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu, tukaketi nyuma ya kibanda akiongea. Aliongea mpaka chai ikapoa. Nikaagiza nyingine.