Njia za Chumvi na Asali

Ukitoka Kasanda, wilayani Kakonko, kwenda mashariki, upande wa pori la Moyowosi, mashamba ya mihogo na maharage yanakoma na miyombo inaanza. Njia ni nyembamba, lakini humo hupita kila mtu: baiskeli yenye madumu ya asali, mama mwenye mzigo wa kuni, mchungaji na ng'ombe wake, mganga anayetafuta mizizi. Mwenye mzigo kichwani ndiye anayepishwa. Asubuhi mnaambiana "Mwakeye", viganja vikigongana taratibu, mnaulizana habari za nyumbani, kisha kila mmoja anashika lake.

Nimefundisha historia hadi kustaafu, na kinachoniuma ni kuona vijana wetu wanadhani msitu huu ulikuwa mtupu tangu mwanzo. Haukuwa mtupu. Ulifanywa mtupu.

Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, kilichovuta watu njiani kilikuwa chumvi. Kule Uvinza, karibu na pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walifanya utafiti huko miaka ya 1960 wakakuta dalili za kazi ya zaidi ya miaka 1,000. Kiangazi, mafuriko yakishapungua, watu walimiminika kutoka kwetu Buha, Burundi na Unyamwezi, wakachemsha maji hayo kwenye vyungu mchana na usiku. Watawala wa Uvinza walichukua fungu lao. Chumvi iliyobaki ilipanda milima yetu juu ya vichwa vya watu, kisha ikabadilishwa kwa majembe, mbuzi na chakula.

Njia zenyewe zilikuwa na wenyewe. Novemba 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, alipita Buha na kukuta kila mtawala anadai hongo ya vitambaa. Alilipa, akadaiwa tena mbele. Mwishowe alitafuta mtu wa kumwongoza, akaiacha njia kuu, akapenya vichakani usiku na msafara wake kimyakimya hadi akatoka Buha. Vitabu vinausifu ujanja wake. Mimi nasoma humo kwamba nchi hii ilikuwa na watu, mipaka na utaratibu, kiasi kwamba mgeni mwenye bunduki aliona heri apite gizani.

Kisha yakaja malale. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa Kibondo na Kasulu katika makazi ya pamoja, Makere yakiwa mojawapo, ili wakae mbali na mbung'o. Ugonjwa ulikuwa unaua kweli, na sitawalaumu madaktari. Lakini shamba lililoachwa halikai shamba: miche ya miyombo huchipua, mbung'o hufuata kivuli, na baada ya kizazi kimoja anayetazama huapa kwamba hapakuwahi kukaa mtu. Bibi yangu hakudanganyika. Tulipokwenda naye kuokota uyoga alisimama mbele ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ule ambao magome yake yaligongwa kuwa nguo, akasema, "Huu haukuota wenyewe, mjukuu wangu. Huu ni ua wa kwa mama mkubwa." Chini ya majani yalikuwapo mafiga matatu, meusi bado.

Operesheni Kigoma ya 1972 ilitusogeza tena, safari hii kuja katika vijiji vya ujamaa. Waliobaki na njia walikuwa warina asali. Baba alikuwa mmoja wao. Alijua mti wa kila mtu, na kuurina mzinga wa mwenzio ulikuwa wizi sawa na kuvunja nyumba. Mizinga yake ilikuwa ya magome, na mti ukishachunwa gome lake lote hufa. Kwa hiyo naunga mkono mizinga ya mbao, hata kama wazee wananuna. Kisha, mwaka 2016, kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, humu wilayani Kakonko, ilijaa Warundi, na wanawake wao wakakata njia mpya za kuni. Kambi ilifungwa 2021. Njia hizo nazo ni historia yetu.

Sasa naingia msituni na wanafunzi wa sekondari, daftari mkononi, tukiandika nani alikaa wapi na chemchemi ipi ilinywewa na nani, ili kijiji kikichora mpango wa matumizi ya ardhi njia ziwemo kwa majina yake. Tumeanzia njia za kuni, kwa sababu kinamama ndio wanaozijua zote.