Mzigo wa Wengi, Pumziko la Wote

Tunapoadhimisha miaka 100 ya usharika wetu, yafaa tukumbuke kwamba kazi ya Bwana katika nyanda hizi haikubebwa na bega moja.

Wamisionari wa Berlin walifika Konde mwaka 1891. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nao wakaondolewa vituoni. Hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walisaidia, lakini walikuwa wachache. Walimu na wazee wenyeji ndio waliogawana kazi: huyu aliongoza ibada, yule alifundisha watoto, mwingine alizika wafu. Kanisa halikufa.

Nami nakiri kosa langu. Kwa miaka mingi nilitaka kila maziko na kila kikao kiwe mikononi mwangu, mpaka nikaugua. Wazee wa kanisa wakagawa mitaa, wainjilisti wakashika zamu. Nikiwa kitandani ndipo nilipomwelewa Yethro alipomwonya mkwewe Musa.

Hata hivyo deni moja limebaki. Mji wa mpakani kama Tunduma haukosi wageni. Akina mama hufagia kanisa Jumamosi na kupika Jumapili, hivyo siku ya pumziko huwa kwao siku ya kazi. Wapendwa, wanaume na vijana na washike ufagio na sufuria kwa zamu. Karne ya pili na ianze hivyo, ili kila mmoja aketi na kulisikia Neno.