Msukumo wa Feni Kagarama: Hesabu, Mizani na Hewa Nyepesi

Tunafundisha kwamba feni iliyovikwa bomba, kwa kipenyo kilekile na nguvu ileile, husukuma asilimia 26 zaidi ya rafadha ya wazi. Chimbuko la namba hiyo halina ubishi: ni kipeuo cha tatu cha 2. Ninaopingana nao ni wanaoifanya sifa ya bomba lenyewe, kisha mwanafunzi wa ndege za mfano akipata pungufu wanamwambia amepima vibaya.

Kwenye meza yetu ya majaribio hapa Kagarama, Kigali, feni ya milimita 70 iliyokandamiza mizani ya jikoni ilitoa msukumo mdogo kuliko uliochapwa kwenye kasha. Wenzangu walilaumu betri, kisha mota. Lakini mizunguko ilikuwa imepanda kidogo juu ya ile iliyotajwa, na ampea zilikuwa zimeshuka. Betri iliyochoka haiongezi mizunguko. Kilichopungua ni hewa.

Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban kilo 1. Hewa sanifu ya vitabuni, ya usawa wa bahari, ina kilo 1.225. Hapo nadharia hutoa majibu mawili. Nguvu ikibaki ileile, msukumo hushuka kwa asilimia 7 hivi. Mizunguko ikibaki ileile, hushuka kwa karibu 19. Yote mawili ni sahihi, ila mota ya umeme hailazimiki kufuata sharti lolote kati ya hayo. Hewa nyepesi huipunguzia mzigo, nayo huongeza kasi kidogo huku ikila umeme pungufu. Mota yenye ukinzani mdogo hukaribia jibu la pili. Ndiyo maana mjenzi wa Kigali anaweza kufikiria kuongeza seli moja ya betri, hatua ambayo Dar es Salaam ingeweza kuiunguza mota hiyohiyo.

Nitaambiwa kwamba ukinzani wa mota ungeweza kuingizwa kwenye hesabu tangu mwanzo. Nakubali. Lakini mwanya kati ya ncha za mapanga na ukuta wa bomba haumo katika ile asilimia 26, wala mviringo wa mdomo unaovuta hewa, na hivyo ndivyo vinavyoitafuna faida. Wilbur na Orville Wright walirithi mgawo wa Smeaton wa 0.005, uliotumika kukokotoa nguvu ya hewa kwenye mabawa, lakini vipimo vyao vya 1901 viliwapa takriban 0.0033. Hawakuitupa hesabu. Waliisahihisha, wakajenga juu yake.

Mizani nayo hudanganya. Hupima feni iliyosimama, ilhali faida ya bomba hupungua kadiri ndege inavyoongeza kasi, na mdomo mnene unaofaa mezani huwa mzigo angani. Kampuni ya Zipline ilipoanza kurusha ndege zake zisizo na rubani za kupeleka damu kutoka Muhanga Oktoba 2016, zilikuwa na rafadha za wazi. Sidai hiyo ndiyo sababu, ingawa kwa safari ndefu ya mwendo mmoja uteuzi huo haunishangazi.

Kwa hiyo napendekeza ripoti ya mradi wa feni isipokewe bila mizunguko, ampea, joto na kanieneo ya hewa ya siku ya kipimo, hata kama milinganyo yake haina kosa. Kwa nchi zetu za miinuko, naliona hili kuwa sharti la kwanza la ufundi wa anga.